Nilikimbilia Falsafa Ili Mke Wangu Asinipite

Jamani, kosa ni langu. Shetani msimsingizie, siku hiyo hakuwa na habari!

Mimi na mke wangu tunauza mapazia Kariakoo. Watoto walipokua tukakubaliana tusome shahada, masomo ya jioni. Mwaka wa kwanza tulichanganya yote: historia, fasihi, falsafa. Tukifunga duka tunaenda darasani kwa miguu, tunabishana njia nzima. Raha ilioje! Tena nilikuwa sijui kama ndiyo raha yenyewe.

Balaa ni matokeo. Historia, somo nililolipenda tangu utotoni, mke wangu alinipita. Si kidogo! Mwalimu akamsifu darasa zima likisikia. Nikapiga makofi huku roho inaniuma.

Mwaka wa pili kila mtu achague somo la kubobea.

"Baba Salma, twende wote historia," akaniambia.

"Mimi wito wangu ni falsafa."

"Wito? Tangu lini?"

"Mwanaume lazima afikiri kwa kina, Mama Salma."

Uongo mtupu! Niliogopa kukaa benchi moja na mtu anayenizidi.

Basi nikawa mwanafalsafa. Tukaulizwa kama meza ipo kweli, au tunadhani tu ipo. Mimi niliyeshinda nabeba majora ya vitambaa, mgongo ulishanijibu! Wenzangu sokoni wakaniita Profesa, na mimi nikaitika. Mteja akiuliza bei, namuuliza thamani ni nini. Anaenda kuitafuta duka la jirani.

Mke wangu naye akafanya utafiti kuhusu watu wa kusini waliohamia Ilala zamani. Akamhoji mama yangu mzazi. Siku ya kuuwasilisha nikaalikwa, nikakaa nyuma. Mama alikaa mbele, na khanga mpya.

Ndipo nikasikia, pamoja na watu nisiowajua, kwamba marehemu baba alipofika kutoka Lindi hakujua kusoma. Akajiandikisha elimu ya watu wazima, na mama naye. Mama akamwacha mbali! Baba hakununa. Kila jioni alimwomba mkewe amsikilize akisoma, akikosea amsahihishe.

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nafuta machozi, jirani yangu akadhani nina mafua.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?" nikamuuliza nje.

"Hukuniuliza, mwanangu. Mwenzio kaniuliza."

Nikaenda ofisi ya chuo kuomba kuhamia historia. Wakanijibu nimechelewa, nimalize nilichokianza.

Ndugu zangu mnaosoma ukubwani, nawasihi, chagueni mnachokipenda, hata kama mwenza wako atakupita mchana kweupe. Kupitwa na mkeo hakuui! Kinachoua ni kumsikia anacheka na wanadarasa wenzake kwenye simu, umuulize kuna nini, naye akujibu kwa upole:

"Ah, mambo ya historia tu, Baba Salma. Wewe endelea kufikiri."