Siagi ya Mama Bernado Yafika Bunda

Eufrasia, ambaye mtaa mzima wa Kamunyonge, Musoma, ulimwita Mama Bernado, alijifunza kutengeneza siagi ya karanga alipokuwa msichana wa jikoni kwa masista. Mwaka themanini na nne, maduka ya Musoma yakiwa yamebaki na rafu tupu na wenye maduka wanaopiga miayo, ujuzi ule ukageuka mali. Karanga zilikuwepo, na kinu kilikuwepo. Kilichokosekana ni vyombo. Basi akakusanya kwa majirani vichupa vitupu vya mafuta ya kujipaka, akavichemsha mpaka harufu ikatoka. Lebo zilikataa katakata kubanduka. Kila kichupa kikabaki na picha ya mwanamke mwenye shavu linalong'aa.

"Si kitu," alisema. "Anaonekana ameshiba."

Masatu, kondakta wa basi la Bunda, ndiye aliyemwambia kuwa Manyamanyama, pale Bunda, kuna mwenye duka aitwaye Mwikwabe, ambaye angeweza kumuuzia siagi hiyo na kubaki na chake kidogo. Mama Bernado akapanga vichupa kwenye kapu, akavizungushia majani makavu ya mgomba.

"Mwambie ni siagi ya karanga."

"Nimesikia, mama."

Lakini Masatu alifika Manyamanyama basi likinguruma na abiria wakigombea kiti kimoja. Akatua kapu mlangoni mwa duka, akapaza sauti, "Mafuta ya karanga, ya Mama Bernado wa Musoma!" Akadandia basi, likaondoka.

Mwikwabe akainua kichupa. Kwa joto la njiani siagi ilikuwa imejitenga, mafuta yamekaa juu yanametameta. Akamtazama yule mwanamke wa kwenye lebo, naye akamtazama. Mafuta ni mafuta. Akavipanga vyote kwenye rafu ya vipodozi, ambayo siku zile ilikuwa na buibui tu.

Haukupita muda Masatu akarudisha kapu tupu. "Anataka mengine, mama. Wanawake wanayagombania!"

"Watu wa Bunda wanajuaga kula," Mama Bernado akamwambia mumewe, na jioni hiyo akaongeza karanga kinuni. Mzigo wa pili ukaisha, na wa tatu. Furaha ikamzidi. Akasema lazima aende akawaone wateja wake kwa macho yake.

Alifika Bunda Jumapili, akaona aanzie kanisani. Kwaya ya akina mama ilipoingia, pua yake ilishtuka. Karanga za kukaanga! Akajilaumu kwa kutoka nyumbani bila kunywa chai. Harufu ikazidi kila walipopandisha sauti na kutokwa jasho. Nzi nao waliitikia wito, wakawa wanatua kwenye mashavu ya waimbaji. Wakati wa kupeana amani, mama mmoja wa kwaya, Nyangi, alimshika mkono, na mikono ikagoma kuachana. Mama Bernado akanusa kiganja chake, akafumba macho. Hakulisikia tangazo hata moja la padri.

Nje alimfuata Nyangi. "Dada, unajipaka nini?"

"Mafuta mapya ya kwa Mwikwabe! Yanalainisha ngozi hayo, si mchezo. Kasoro yake nzi tu. Na huyu mwanangu, kila nikimbeba ananilamba shingo. Nilidhani ana minyoo, nikampa dawa."

Mama Bernado akaenda moja kwa moja dukani, Nyangi na nusu ya kwaya nyuma yake.

"Mwikwabe! Mimi ndiye Mama Bernado. Kwa nini unapaka watu chakula changu?"

"Chakula?" Mwikwabe akageukia rafu. "Mama, mbona hakuna aliyelalamika?"

Mama Bernado akasogea kwenye rafu. Akafungua kichupa, akachota kwa kidole, akalamba. Akina mama wakapiga ukelele. "Yesu! Anakula mafuta!" Mmoja alitaka akimbilie maziwa ya kumtapisha. Mama Bernado akaomba kiazi kitamu kilichochemshwa, akaletewa na mke wa Mwikwabe, akakipaka siagi, akamnyooshea Nyangi. Nyangi akang'ata pembeni kwa woga. Akatafuna. Akang'ata tena, safari hii katikati.

"Jamani," akasema polepole, akitazama mikono yake inayong'aa, "kumbe nimejipaka mboga mwezi mzima!"

Walicheka mpaka Mwikwabe mwenyewe akakaa juu ya gunia. Kisha wakanunua vichupa vyote vilivyobaki. Mama Bernado alirudi Musoma akijua fika kuwa baadhi yao hawakuvipeleka jikoni. Sabuni na losheni zilikuwa adimu, na ngozi ina kiburi chake.

Miaka iliyofuata, ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipokolea, madukani yakajaa mafuta ya kujipaka ya kila rangi, na siagi yake ikahamia karibu na chumvi na majani ya chai. Hapo akapata vichupa visivyo na lebo, akapanua biashara hadi Butiama. Safari hii hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe na kijiko na viazi vya kuchemsha, akamkalisha mwenye duka, mzee Magige, akasema hampi mzigo mpaka ale mbele yake.

Mzee akala kiazi cha kwanza, cha pili, akaramba na kijiko. Akajifuta midomo kwa adabu.

"Nimeshameza, mama. Sasa niambie, ni dawa ya nini?"