Safari za Miguu ya Mama

Utotoni niliamini kwamba miguu ya mtu inaweza kuondoka usiku ikamwacha mwenyewe amelala. Aliyenifundisha ni nyanya, mama yake baba, ambaye tuliishi naye juu ya Kebirigo, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia hadi jikoni. Miguu ikivimba, alisema, ujue imekwenda mlima wa Manga kuwasalimu waliotutangulia, na imerudi imechoka.

Mama alikuwa na miezi miwili tangu amzae ndugu yangu pale viatu vyake vya kuchumia majani chai vilipokataa kumwingia. Nyanya alimkalisha kigodani, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Kikabaki kishimo. Nilikitazama kikijaa polepole, kama unga uliokandwa.

"Imeanza safari," nyanya akasema. "Mama Moraa, iache. Ikimaliza mizunguko yake itatulia."

"Ni uchovu tu, mama," mama akajibu, akitabasamu.

Mimi nilitaka kuiona ikirudi. Jioni moja nilichota jivu jikoni nikalinyunyiza mlangoni. Kulipoanza kupambazuka nilikuta nyayo juu yake, pana, vidole havijitengi vizuri. Zilikuwa zimetoka. Hazikuwa zimerudi.

Nilizifuata kwenye umande, nikapita migomba, nikafika ukingo wa shamba la chai. Ukungu ulikuwa mweupe na mzito, na hata jogoo wa jirani alisikika kama yuko chini ya maji. Sikuogopa. Nilikuwa na hakika nitaikuta miguu ya mama imesimama peke yake ikipumzika.

Nilimkuta mama mwenyewe, si miguu peke yake. Alikuwa ameketi juu ya gogo, blanketi mabegani, kinywa wazi, akivuta pumzi kama mtu aliyemaliza kupanda mlima.

"Mama, miguu ndiyo iliyokuleta huku?"

Alinisogezea nafasi kwenye gogo. "Nikilala pumzi inakataa, Moraa. Nikikaa hapa inarudi kidogo. Usimwambie nyanya. Atahangaika."

Nilimwambia kabla uji haujachemka. Nilidhani atafurahi kuwa maneno yake yametimia. Badala yake aliweka mwiko chini.

"Miguu hutembea," akasema taratibu. "Pumzi haitembei."

Akamfunga mtoto mgongoni, akanituma mbio kwa jirani mwenye pikipiki.

Hospitalini daktari alimuuliza mama anaumwa nini. Mama akasema uchovu wa chai, na mtoto halali vizuri. Nyanya akanisukuma mbele. "Sema ulichoona." Nikasema: mama hulala nje, ameketi. Daktari aliacha kuandika. Akambonyeza mguu palepale nyanya alipombonyeza, akaweka kipimo chake mgongoni mwa mama, akasikiliza kwa muda mrefu.

Alitueleza kwamba moyo ulikuwa umedhoofika baada ya uzazi. Haukuwa ukisukuma damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yalishukia miguuni, na mama akilala, yalimjaa mapafuni. Akamlaza siku hiyohiyo. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, kifundo kikionekana tena, akiwa na dawa ambazo anameza hadi leo.

Nyanya hakuacha imani yake. Alifariki akishikilia kwamba hospitali iliikatiza miguu njiani. Nami sijawahi kumcheka. Imani hiyo ilitaka tungoje, na kungoja kungemuua mama. Lakini ndiyo pia iliyonitoa kitandani kumtafuta. Sijui niipime vipi, nimeacha kujaribu.

Kinachonirudia ni zile asubuhi nyingine, kabla ya ile, ambazo sikuamka. Mama akiwa peke yake kwenye ukungu, akihesabu pumzi, nasi ndani tumelala usingizi mtamu, kwa sababu hakutaka kusumbua mtu. Siku hizi nikimpigia simu namuuliza amelalaje. Akijibu "vizuri" haraka, sikati. Nanyamaza, nasubiri aseme la pili.