Istikhara Ambayo Haikuswaliwa

Nilikwenda kupima kwa sababu ya harusi. Mtaani kwetu Mpendae mambo ndiyo hayo sasa: posa ikishakubaliwa, imamu huwataka wachumba wapime kwanza, ndipo naye akubali kufungisha ndoa. Mchumba wangu alipima mwanzo, akawa mzima. Mimi nilichagua kituo cha ushauri na upimaji cha Mji Mkongwe, mbali na nyumbani, maana naona haya hata kununua nguo ya ndani mbele ya watu.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo. Alinichoma kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, tukangoja. Kisha akachukua kipimo cha aina nyingine, akarudia. Hapo nikajua. Mtu hapimwi tena kama jawabu la mwanzo lilikuwa zuri.

"Mwanangu," alisema, "una virusi vya Ukimwi. Unajua maana yake?"

"Maana yake nnakufa."

"Sote tunakufa. Wewe una virusi, hujafika kwenye Ukimwi wenyewe. Ukianza dawa leo na ukanywa kila siku bila ya kuruka, virusi vinafubaa. Baada ya miezi sita tunapima wingi wake katika damu. Vikiwa havionekani tena, na wewe ukaendelea na dawa zako, humwambukizi mke kwa kulala naye."

"Mke?"

"Si umekuja kwa ajili ya ndoa? Wapo wanaooa, wanazaa, na watoto wazima. Lakini mwenzako lazima ajue, achague mwenyewe. Mlete hapa, nami nitamweleza."

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na siku ile kichwa kilikuwa kizito. Nilimwomba arudie. Akarudia yote, bila ya kukunja uso. Nilitoka na dawa mfukoni na jambo moja kichwani: nimwambie, achague.

Nyumbani nilimwambia mama. Mama akamwambia shangazi, kwa kuwa shangazi ndiye aliyekwenda kuposa. Alikuja baada ya Alasiri, akakaa, wala hakunitazama.

"Posa tunaiondoa," alisema.

"Mshauri kasema nimwambie mwenyewe," nilisema.

"Huyo mshauri ndiye aliyekwenda kukaa kwenye mkeka wa watu? Mimi nilikwenda. Sasa unataka nirudi nikawaambie nini? Kwamba nimewapelekea maradhi?"

"Pengine atakubali, shangazi."

"Na asipokubali? Kesho Mpendae nzima inajua. Dada zako nani atawaposa?"

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Kwetu ipo njia ya kuvunja uchumba bila ya kumvunjia mtu heshima. Unasema umeswali istikhara, umemwomba Mungu akuoneshe lenye heri, na moyo haukutulia. Hapo hapana wa kuuliza zaidi, maana nani atabishana na Mungu? Basi shangazi alijifunga buibui lake zuri, akaenda kusema kwamba mama yangu kaswali istikhara na haikuja vyema. Mama hakuwa ameswali rakaa hata moja ya istikhara.

Shangazi alijiona kamaliza. Hakufikiri kwamba istikhara huswaliwa mwanzo, kabla ya posa. Ikija baada ya vipimo, watu hawaiamini. Wao walitazama hivi: wachumba wamepima, kisha upande wa mume umerudi nyuma. Mwenye maradhi nani? Mtoto wa kike. Mtaa mzima ukaona ni yeye, na mimi nikipita wazee wananipa pole.

"Mungu kakuepusha, kijana," aliniambia mmoja.

Nikasema amin. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimetafuna kidonge.

Siku moja nilimfuata mama soko la Mwanakwerekwe, nimembebea kikapu. Mbele ya meza ya tungule zilizoiva nyekundu tukakutana na bibi yake yule msichana niliyemposa.

"Shikamoo," alisema mama.

"Marahaba. Hebu nambie, mjukuu wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, bi mkubwa. Istikhara tu."

"Istikhara! Juzi muuza samaki kakataa kupokea pesa mkononi mwake. Kamwambia, iweke hapo chini. Tangu siku hiyo hatoki. Hiyo ndiyo istikhara yenu?"

Mama alinishika mkono tuondoke. Mimi ambaye nikiitwa najibu "naam" kwa sauti ya chini nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa.

"Bibi, yeye mzima. Mwenye virusi ni mimi."

Mwenye tungule aliacha kuzipima kwenye mizani.

"Ungesema mapema, baba," alisema yule bibi, akaenda zake.

Mama alirudi nyumbani peke yake.

Kabla ya wiki kwisha jina la yule msichana likasafika, na haikuchukua muda akaja mtu mwingine kuposa. Kwetu, shangazi hakanyagi tena. Kikombe changu kikatengwa, ingawa nilishawaeleza kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Dawa sikuacha. Miezi sita ilipotimia nilipimwa, mshauri akaniambia virusi havionekani. Nilimwambia mama. Akasema alhamdulillahi, na nisiliseme jambo hilo kwa nguvu, majirani wanasikia.

Yule msichana alinipigia simu siku chache kabla ya harusi yake.

"Nimetakiwa nipime tena, kwa posa hii," alisema. "Nikamuuliza mshauri habari za mtu kama wewe. Kanieleza kila kitu. Dawa, watoto, kila kitu."

"Mimi pia nilielezwa."

"Siku ile ile uliyopima?"

"Siku ile ile."

Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, nadhani walikuwa wakimtayarishia hina.

"Ungenambia, ningekwenda kuuliza wakati ule."

"Ungekubali?"

"Sijui," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Sijui, na sasa sitojua. Shangazi yako kanijibia."

Mtu akamwita, akaitika, simu ikakatika.