Bunduki ya Ami na Wageni wa Hoima

Mimi nikimpenda mtu, nimempenda. Yule rafiki yangu tunauza naye vitambaa soko la Nakivubo, na aliponiambia anamtaka dada yangu, niligombana na nyumba nzima mpaka wakakubali wazee wake waje.

Wakaja kutoka Hoima, Wanyoro, Waislamu kama sisi. Aliyewaongoza ni shangazi yake. Marehemu mume wake alikuwa polisi, wakakaa miaka kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, kwa hivyo Kiswahili chake ni cha kambi, hakina sukari.

Baba yetu alishafariki, Ami, ndugu yake, ndiye mkubwa wa ukoo. Kwetu wakwe wakija, mkubwa lazima awatajie mababu, kutoka pwani mpaka hapa. Na kwa sababu rafiki yangu dukani anaongea Luganda tupu, Ami alidhani amepata Waganda. Hakuuliza. Akashusha bunduki ya babu yake ukutani, akaanza kujisifu.

Sisi tangu utoto tumeambiwa hiyo ni ya kuwindia tembo. Kumbe babu huyo aliibeba na jeshi la Waganda na Wazungu, walipovuka mto Kafu kumpiga mfalme wa Bunyoro.

"Tuliwachapa," Ami akasema, "ufalme ule haukuinuka tena."

Mimi shule sikusoma sana, lakini vitabu vya mitumba vya pale barabarani navimaliza. Hiyo vita naijua. Bunyoro Kitara ilitawala mpaka mbali, majirani wakiiogopa. Baada ya pale vijiji vikachomwa, watu wakafa njaa, na kipande kikubwa cha nchi yao wakapewa Waganda. Na sisi tulikuwemo. Sisi.

Nikaruka juu, nikamfokea Ami mbele ya wageni, kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Shangazi akaniambia kaa chini. Akaiomba bunduki, akailaza magotini.

"Bibi yangu alizaliwa porini, mama yake akiikimbia hii," akasema. "Msichana tutamchukua, hana kosa. Leo hii tutampa mpaako. Wewe, mzee, tutakuita jina lako tu."

Ami akacheka, akashukuru. Hakujua ametukanwa. Mpaako kwao ni jina la heshima na mapenzi, hata mgeni wakimpenda wanampa. Kumwita mtu mzima jina lake kavu ni kama kumtemea mate. Nikamweleza palepale. Kicheko kikamkauka.

Rafiki yangu alikuwa anaangalia sakafu. Dada yuko nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Ataishi vipi kwa watu wanaomdharau mzee wake?

"Na mimi nikiuomba huo mpaako?" Ami akauliza.

"Sema pole kwanza."

Ami huyo hajawahi kumwambia mtu pole, hata mkewe. Tukangoja, pilau inapoa. Halafu akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani mbele ya yule mama, akaisema.

Shangazi akampa mpaako. Bunduki hakuirudisha.