Simu ilivyotuvusha mpaka na bibi harusi

Leo nusura dada yangu aolewe Zambia bila pasipoti! 😂

Tunaenda kufunga ndoa Tunduma, mpakani. Mimi naendesha, bibi harusi kakaa nyuma, baba yuko pembeni yangu na kidude chake cha zamani cha GPS.

Kidude kinasema tufuate barabara kuu. Simu yangu inasema nipite vichochoroni, nikwepe foleni ya malori.

Nikaisikiliza simu.

Mara naona nyanya zinauzwa kwa kwacha. Jamani, tuko Nakonde, upande wa Zambia!

Dada analia, wanja unamshuka mashavuni. Ghafla mbele yetu gari lina maua: bwana harusi, simu mkononi!

Baba akacheka, akainua kidude chake. "Haya, wote mnifuate mimi."

Asante Mungu, ndoa imefungwa.

Nani mwingine kavushwa na simu?

Sasa tuko ukumbini Tunduma. Kidude cha baba kimewekwa meza kuu.