Filamu ya Vichekesho Isiyojulikana Inaanzia Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kukarabati filamu za zamani kule Louisville, nilidhani wamenipeleka jikoni. Ghala zima lilinuka siki. Msimamizi wa ghala alifungua kopo la bati, akanionyesha mkanda wa filamu uliojikunja kama ganda la ndizi lililokauka.

"Mkanda ukinuka hivi, unakufa," alisema.

Kifaransa nilikijua, lakini Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Nilielewa kwamba amefiwa, nikampa pole.

Hapo nilijifunza kutenga mikanda mizima na iliyoanza kuoza. Baadaye kampuni ilinihamishia Columbus, nikapanga chumba mtaa wa Linden. Mkuu wa karakana alinifundisha kuunga: unakata palipochanika, unalinganisha matundu ya pembeni, unabandika utepe mwembamba unaopitisha mwanga. "Usivute," alizoea kusema. "Mkanda ukikataa, subiri."

Nilikuwa nimeshahamia Buffalo, naishi mtaa wa Black Rock, ilipoletwa filamu iliyonichanganya kuliko zote. Ilitengenezwa Australia, zama zile filamu zilipoanza kutoa sauti: vichekesho na nyimbo vilivyotolewa kwenye onyesho la jukwaani. Aliyeileta alikuwa bibi mzee wa mtaa wa West Side, mzaliwa wa Australia. Mama yake alikuwa mmoja wa wachezaji, akafariki binti angali mchanga. Sasa bibi alikuwa anapoteza macho, na hajawahi kumwona mama yake akicheza.

Makopo yalikuwa na kutu, hayana namba. Kwa kawaida hadithi ndiyo hukuambia kipande gani kinafuata. Hii nilishindwa kuiona hadithi yake. Mwanamume anapaka ukuta rangi. Ghafla wasichana wanatokea nyuma ya ngazi, wanacheza. Askari anamkamata mtu asiye na kosa, kisha wote wawili wanaimba. Bibi harusi yupo, bwana harusi hayupo.

Mkuu wa maabara, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, alijishika kichwa. "Mama Esteri, hii stori haina kichwa wala mkia."

"Donc, tuanzie wapi, Bosi?"

"Anzia harusi. Ama tumalizie na harusi? Mimi hata sijui."

Tulipanga, tukapangua. Kila mpangilio ulionekana sawa mpaka tuutazame. Mwisho Bosi akasema macho ya bibi hayatatungoja, tukamwita.

Alikaa karibu kabisa na pazia la kuonyeshea filamu. Wasichana walipotokea nyuma ya ngazi, akapaza sauti: "Simamisha! Yule, wa pembeni."

"Una hakika, bibi?" Bosi akamuuliza.

"Sina. Nina picha yake moja tu, na humo amenuna. Huyu anacheka."

Tukaendelea. Kwenye harusi akasimamisha tena. "Au huyu, mwenye maua." Alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Bosi alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyejua kama tumpongeze au tumpe pole. Bibi akaomba tuanze upya.

"Tuanzie wapi?" nikamuuliza.

"Popote, mwanangu. Wote wawili nawataka."

Nimestaafu sasa. Vijana wa kanisani huniuliza kama filamu ile hatimaye ilipangwa sawasawa. Bon, sijui mpaka leo. Najua tu kwamba nilisafisha nyuso za wasichana wote wale, mmoja mmoja, kwa kitambaa laini, bila kujua yupi alikuwa mama wa mtu.