Wa Kumtwisha Mama

Harufu ya maji juu ya vumbi hunirudisha kwenye bomba la mtaani kwetu. Mama alikuwa mja mzito, na mja mzito hainui ndoo kutoka chini; hutwishwa na mwenzake. Mwenzake mama alikuwa jirani wa mlango wa pili. Siku ile, ndoo imejaa na ngata iko kichwani, mama akaita kwa mazoea:

"Shoga, njoo untwishe!"

Mlango wake ulikuwa na kufuli tangu wenyewe walipohama bila kuaga. Mimi kimo kilikuwa hakijatosha. Mama, mkono kiunoni, akanambia:

"Punguza nusu, mwanangu. Lakini usimwage ovyo. Mwagia kibarazani kwake, pasijae vumbi."